Nguo za kuvaa chini ya draisuti: unene sio joto, niulizeni mimi

Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, anaondoka mwezi wa nane kwenda Norway kusoma mambo ya bahari, na kwenye barua wamemwambia aje na nguo zake za kuvaa chini ya draisuti, ile suti ya kuzamia isiyoingiza maji. Akanipigia, kaka hivi hizi ndo nguo gani? Nikacheka, nikamwambia tukutane soko la mitumba la Mwanjelwa, hapa Mbeya, Jumamosi na usinunue hata soksi kabla sijafika, maana mi nilipokuwa kule mwaka wa kwanza nilikosea kila kitu.

Kwanza wengi tunadhani draisuti yenyewe ndo ina joto. Hapana. Zile za kitambaa chembamba kama turubai kazi yake ni kuzuia maji basi, joto lako liko kwenye hewa iliyonaswa kwenye nguo za ndani. Za neopreni, ule mpira laini wenye vipovu vya hewa ndani, zina joto lake kidogo ila hata hizo huvai na singlendi. Na maji yanakunyonya joto kama mara 25 kuliko hewa, kwa hiyo wewe wa Uyole au Makete usitambe kwamba baridi unaijua, ya kwetu ni baridi ya hewa, unasogea kwenye jiko la mkaa imeisha. Na kama umezoea kuzama ziwani Matema na bukta yako, sahau kabisa.

Mi siku ile ya mafunzo kwenye fjord ya Trondheim, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu huko Norway, nilivaa hivi: fulana ya pamba, suruali mbili za track za pamba, sweta mbili alizonifumia shangazi, na juu yake koti langu la pikipiki. Nikajiona nimejipanga. Wenzangu wakanitazama wakanyamaza, wale watu kusema mpaka uwaulize. Basi kutoka kwenye gari mpaka majini, mtungi wa hewa mgongoni, risasi kiunoni (sio za bunduki, ni vile vizito vya kukuzamisha), jasho likatiririka na pamba ikalinywa lote, na dakika kumi baadaye lile jasho limekuwa barafu mgongoni. Hilo nilivumilia. Kilichonitisha ni wakati wa kupanda juu, maana ukipanda hewa ya ndani ya suti inatanuka, inabidi uitoe kwa valvu iliyoko mkono wa kushoto karibu na bega, unanyanyua kiwiko inatoka. Mkono haunyanyuki! Sweta zimejikunja kwapani kama gunia na lile koti limeziba valvu kwa ndani, hewa haitoki, naanza kupaa kama puto, mwalimu akanidaka mguu akanirudisha taratibu akaupinda mkono wangu mwenyewe. Tulikuwa mita kama 8 tu. Ingekuwa 25 sijui.

Kwa hiyo nguo yoyote kabla hujaitoa hela ivae uijaribu hapohapo, usione aibu. Chuchumaa mpaka chini. Jikumbatie. Peleka mikono yote miwili nyuma ya shingo, maana valvu ya mtungi iko huko na siku ikileta shida lazima uifikie. Nyanyua kiwiko cha kushoto juu ya sikio. Kama inabana kwapani au mapajani iache hata kama ni ya bure. Halafu kumbuka draisuti nayo ina kipimo chake, ukijaza nguo nene mpaka imekaza, ile hewa unayoitaka inakosa pa kukaa na unazidi kuganda.

Inayogusa ngozi iwe nyembamba, ya sufu ya kondoo wa merino au polista ya michezo, ya kukubana kiasi. Pamba hapana, hata chupi kama unaweza. Sufu hata ikilowa inabaki na joto kidogo, pamba ikilowa ni adui yako. Juu yake ndo unavaa ovaroli ya flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya, au ya nyuzi zilizotengenezwa kwa ajili ya wazamiaji, na hiyo kanunue hukohuko kwa wanaouza vifaa vya wazamiaji, mitumba ya kwetu hutaiona. Usidanganyike na koti la manyoya ya bata, mita 10 chini mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa juu, yale manyoya yanalala chapati, na suti ikivuja ndo basi tena. Mikono ya nguo nayo iwe na kitundu cha kupitisha dole gumba, ukivaa suti isipande mpaka kiwikoni. Ukishavaa toa dole kwenye kitundu, kitambaa kikikatiza chini ya ule mpira wa kifundo cha mkono maji yanaingia.

Sasa Mwanjelwa. Zile fulana za mikono mirefu na suruali za kubana wanazonunua bodaboda wetu kuvaa ndani ya jinsi, nyingi ni za watu wa theluji huko Ulaya, na humo kuna merino kabisa kwa bei ya vocha. Soma lebo: wool, laine, Wolle, ull, zote ni sufu. Ila kuna mitego miwili iliyonipata mimi na degree yangu: Baumwolle ya Kijerumani ni PAMBA, na bomull ya kule Norway na Sweden nayo ni pamba, usione ull mwishoni ukakimbilia. Lebo kama imekatwa omba uzi mmoja uuchome, sufu inanuka nywele zilizoungua na inazimika yenyewe, pamba inanuka karatasi, polista inayeyuka inakuwa kidonge kigumu. Dada muuzaji alipotuona na kiberiti akapandisha bei palepale.

Soksi: nene moja juu ya nyembamba, ila uvae na kiatu cha suti ujaribu. Vidole vikikosa pa kucheza damu haipiti, miguu inaganda ukiwa na soksi tatu. Na mambo ya haja ndogo, baridi inabana kibofu, watu wazima na PhD zao wanavaa pampasi, usicheke, zoea.

Ukibadilisha nguo za ndani, risasi nazo zinabadilika. Nguo nene ina hewa nyingi, unaelea, unahitaji risasi zaidi, kwa hiyo pima upya kwenye maji mafupi mtungi ukiwa unakaribia kuisha, sio umejaa.

Kufua ni maji baridi, sabuni laini, usikamue kwa nguvu, anika kivulini. Merino yangu ya kwanza niliirudisha nyumbani likizo, mama mkubwa kwa upendo wake akaichemshia maji ya moto akaifikicha vizuri kama sare ya shule. Saivi anaivaa mjukuu wake wa darasa la pili, anaendea nayo shule hapa Uyole, na Julai yote hii hajalalamika baridi.