Maswali ya Wasomaji: Mazoezi Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Barua tatu za mwezi huu zimetoka Tanga, na zote zinahusu kurudi mazoezini baada ya upasuaji wa kupunguza uzito. Anajibu mshauri wetu wa tiba ya viungo.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina umri wa miaka 41 na ninaishi Chumbageni. Wiki tano zilizopita nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula jijini Dar es Salaam, kwa njia ya matundu madogo, na hadi sasa nimepungua kilo 13. Kabla ya hapo nilikuwa katika kikundi cha jogingi kinachokimbia kila Jumamosi alfajiri kuelekea Raskazone, na wenzangu wananihimiza nirudi mara moja kwa kuwa, kwa maneno yao, mwili umekwisha kuwa mwepesi. Mama mkwe, ninayeishi naye, anashikilia kwamba aliyepasuliwa tumbo ni sawa na mzazi, hivyo nisitoke nje wala nisishike ndoo mpaka arobaini yangu itimie. Nimejaribu kutembea kidogo jioni, lakini napata kizunguzungu, hasa nikiinama kufunga kamba za viatu kisha nikasimama. Dawa zangu za presha natumia kama kawaida, zile nilizoandikiwa mwaka jana. Isitoshe, mizani imegoma mahali pamoja kwa siku kumi sasa. Je, ni kwa sababu sifanyi mazoezi? Na nimfuate nani?

JIBU: Marahaba, Mwalimu, na pole kwa upasuaji. Kabla ya ndoo na jogingi, naanza na jambo ulilolitaja kama kwa kupita, yaani dawa za presha za mwaka jana. Dozi hiyo ilipangwa kwa mwili uliokuwa na kilo 13 zaidi, uliokula sahani kamili na kunywa maji kwa bilauri. Uzito unapopungua kwa kasi, presha nayo hushuka, mara nyingi katika wiki za mwanzo kabisa, na dozi iliyokuwa sahihi inageuka kuwa kubwa mno. Kama miongoni mwa vidonge vyako kimo kile cha kupunguza maji mwilini, tatizo huwa kubwa zaidi. Kizunguzungu cha kuinuka baada ya kuinama ndicho hasa kinachotokea katika hali hiyo. Usiache dawa kwa uamuzi wako mwenyewe, lakini pia usisubiri tarehe ya kliniki: nenda wiki hii ukapimwe presha, umekaa na kisha umesimama, umweleze daktari kwamba umefanyiwa upasuaji huu, na uombe dozi iangaliwe upya. Hospitali ya Bombo haiko mbali nawe. Nawaambia hivyo hivyo wenye kisukari wanaotumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari, kwa sababu kwao mazoezi juu ya dozi ya zamani yanaweza kuwaangusha barabarani.

Sababu ya pili ya kizunguzungu ni maji. Mfuko wako sasa ni mwembamba kama mrija na haupokei bilauri nzima kwa mkupuo, ilhali mwili bado unadai lita 1.5 hadi 2 kwa siku, na joto la Tanga, hasa miezi ya kaskazi, linadai zaidi. Njia pekee ni kunywa funda moja moja tangu unapoamka hadi unapolala, chupa ikiwa karibu nawe hata darasani, na kuacha kama nusu saa baada ya kula kabla ya kuanza tena kunywa. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, siku hiyo usitoke kutembea jua likiwa kali.

Sasa nirudi kwa mama mkwe. Kuhusu ndoo, ana haki kabisa. Katika upasuaji wa aina yako, asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula huondolewa, na kipande hicho hutolewa kupitia tundu mojawapo ambalo hupanuliwa kidogo. Ngozi ya juu huonekana imepona ndani ya wiki mbili, lakini utando mgumu ulio chini yake, unaoshikilia ukuta wa tumbo, huchukua wiki nyingi zaidi kurudisha nguvu, na ukilemewa mapema huachia nafasi ya ngiri. Madaktari wengi wa upasuaji huzuia kunyanyua kitu kinachozidi kilo 5 hivi katika wiki 4 hadi 6 za mwanzo. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20, na kuinyanyua kutoka chini hadi kichwani ni kazi ambayo hata jimu hawaianzishii mtu mgeni. Ongeza katika orodha yake kufua kwa kuinama, kuinua sufuria kubwa ya wali jikoni, na kukuna nazi juu ya mbuzi, ambako tumbo hukunjwa na kubanwa huku mikono ikisukuma kwa nguvu. Kama mama mkwe yuko tayari kukufanyia hayo yote, sioni sababu ya kumharakisha.

Kuhusu kutoka nje, hapo ndipo ninapotofautiana naye. Mgonjwa wa upasuaji huu huinuliwa kitandani na wauguzi siku ile ile au kesho yake, wala si kwa ukali, bali kwa sababu damu inayotuama miguuni inaweza kuganda, na bonge la damu likipanda hadi kwenye mapafu linaua. Hatari hiyo haibaki hospitalini. Humfuata mtu nyumbani kwa wiki kadhaa. Arobaini inakaribiana sana na zile wiki sita za madaktari, nawe unaweza kumwambia mama mkwe hivyo kwa heshima, ukiongeza kwamba hesabu hiyo ni ya kuacha mizigo na haikusudii kumfungia mtu ndani.

Tembea, basi, kila siku. Anza na dakika 10 asubuhi na 10 jioni, mahali pa tambarare, na Tanga kwa bahati imejaa tambarare; Bustani ya Jamhuri ina upepo wa bahari na mahali pa kukaa ukichoka. Kila wiki ongeza dakika chache mpaka ufikie dakika 30 kwa mara moja. Mwendo uwe ule unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima lakini haukuruhusu kuimba. Wenzako wa jogingi waambie wakusubiri: kukimbia kusianze kabla ya wiki ya nane, tena baada ya daktari aliyekupasua kukuangalia, na kuanze kwa dakika moja ya kukimbia na tatu za kutembea. Wepesi wanaousifu ni wa kweli kwa mizani tu, maana magoti yako bado yanabeba uzito mkubwa, na kwa sasa huenda unakula kalori 600 hadi 800 kwa siku, chakula ambacho hakimwendeshi mtu kutoka Chumbageni hadi Raskazone na kurudi mbio. Kuogelea baharini kusubiri mpaka vidonda vyote vifunge na magamba yadondoke yenyewe.

Jambo ambalo wenzako na mama mkwe hawakuligusa ndilo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote: misuli. Mwili unaopungua kwa kasi hauchomi mafuta peke yake. Robo ya uzito unaopotea, na wakati mwingine zaidi, inaweza kuwa nyama ya misuli, na sehemu kubwa ya hasara hiyo hutokea katika miezi ya mwanzo, wakati ambapo kila mtu anakupongeza. Anayepoteza misuli hupanda ngazi kwa shida ingawa amekonda, na baadaye uzito humrudia kwa urahisi, kwa sababu misuli ndiyo inayotumia chakula hata mtu akiwa amelala. Kinga yake ina sehemu mbili, na moja bila nyingine haitoshi.

Ya kwanza ni protini, gramu 60 hadi 80 kwa siku, nayo iliwe kabla ya kitu kingine chochote katika sahani. Yai moja lina gramu 6 hivi, bilauri ya maziwa gramu 8, na gramu 100 za samaki aliyepikwa zinakaribia 20 au kupita. Mtu wa pwani hana udhuru hapa: changu aliyechemshwa na kuchambuliwa miiba vizuri anafaa kuliko mihogo na chapati, vitu vinavyojaza mfuko mdogo na kuondoka na nafasi ya samaki. Pweza mwache kwanza. Ni mgumu kwa mfuko uliotoka kushonwa.

Ya pili ni mazoezi ya nguvu, na hapa nawaomba akina mama waache kudhani kwamba vyuma ni vya wanaume. Kwa sasa vyuma huvihitaji. Kaa kwenye kiti imara kisichoyumba, kunja mikono kifuani, inuka bila kujishika popote huku ukitoa pumzi, kisha keti taratibu. Fanya mara nane, pumzika, rudia. Ukimaliza, simama hatua moja kutoka ukutani, weka viganja ukutani usawa wa kifua, sogeza mwili mbele na kuusukuma nyuma. Siku mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Baada ya wiki ya nane, daktari akiridhia, shika chupa za maji za lita moja na nusu, ambazo ni kilo moja na nusu kila mkono, na uzito upande kidogo kidogo kutoka hapo. Mazoezi ya kulala chali na kuinua kiwiliwili ili kukaza tumbo yaahirishe mpaka miezi mitatu ipite tangu upasuaji. Hayaondoi ngozi iliyolegea, jambo ambalo wengi hulitarajia kutoka kwayo.

Ama mizani kugoma, hilo hutokea kwa wengi katika miezi ya mwanzo, kwa sababu mwili hubadilisha namna unavyohifadhi maji, na wiki moja au mbili baadaye uzito huanza tena kushuka. Si adhabu ya kukosa mazoezi. Pima mara moja kwa wiki, na siku nyingine tumia futi ya fundi cherehani kupima kiuno.

Acha mazoezi na uende hospitali upesi ukipata uvimbe au maumivu ya mguu mmoja, pumzi kukata, moyo kwenda mbio ukiwa umepumzika, homa, au maumivu makali ya tumbo. Matapishi yasiyokoma pamoja na ganzi au udhaifu wa miguu nayo ni dharura, kwa kuwa inaweza kuwa dalili ya upungufu mkubwa wa vitamini B1. Usiyaite uchovu wa mazoezi.

SWALI: Nilifanyiwa upasuaji wa kuunganisha utumbo, ule wa kuruka sehemu ya mfuko wa chakula, nchini India mwaka jana. Ninaishi Ngamiani na kazini naenda kwa baiskeli. Nikinywa juisi ya miwa ili nipate nguvu, saa moja au mbili baadaye natetemeka, jasho linanitoka na natamani kulala. Kwa maumivu ya magoti nanunua diklofenaki duka la dawa. Je, niache baiskeli?

JIBU: Baiskeli usiiache, kaka, acha juisi ya miwa na diklofenaki. Kwa aliyefanyiwa upasuaji wako, sukari ya majimaji hufika kwenye utumbo mdogo kwa haraka mno, mwili unamwaga insulini nyingi kupita kiasi, na sukari ya damu inashuka ghafla, mara nyingi saa moja hadi tatu baada ya kinywaji. Ukiwa juu ya baiskeli katikati ya bajaji na daladala, kutetemeka huko si jambo dogo. Kula chakula chenye protini kabla ya safari, na mweleze daktari wako dalili hizi ili zipimwe, kwa sababu zikizidi zina matibabu yake. Diklofenaki, pamoja na ibuprofeni na aspirini ya maumivu, huweza kusababisha kidonda mahali mfuko ulipounganishwa na utumbo, na kidonda hicho kinaweza kutoboka. Tumia parasetamoli, upandishe kiti cha baiskeli mpaka goti libaki limekunjwa kidogo tu pedali inapokuwa chini, na kama ulikuwa umeacha vidonge vya vitamini na madini, virudie, kwani kwako ni vya maisha yote.

SWALI: Nimefikisha miezi mitatu tangu upasuaji na Ramadhani inakaribia. Naweza kufunga na kuendelea na mazoezi?

JIBU: Kwa maoni yangu, mwaka huu usifunge, na madaktari wengi watakuambia hivyo kwa miezi hii ya mwanzo. Kati ya futari na daku hakuna muda wa kutosha wa kunywa lita 1.5 kwa mafunda madogo na bado ukapata protini yako. Mgonjwa ana ruhusa ya kulipa siku nyingine, nawe mwulize sheikh wako namna ya kulipa, ukimpelekea maneno ya daktari. Kutembea endelea nako kama kawaida, alfajiri au baada ya futari kutulia.