Umeme ulivyokatika Kent, na kwa nini jiko la mkaa halifai huku

Wifi yangu aliniuliza kwa ujumbe wa sauti, tena kwa mshangao wa kweli: "Kwani huko Marekani nako umeme unakatika? Tena siku na siku? Si mngewasha jiko mkaota moto?" Mdogo wangu wa kiume, anayejiandaa kuja kusoma, naye akataka kujua kwa nini simu yangu haikuwa inapatikana, na kwa nini hela ya mama ya mwezi ule ilichelewa. Nawajibu wote kwa pamoja na sifichi kitu, maana swali la wifi limebeba jambo ambalo limeshaua watu huku.

Ndiyo, unakatika. Sisi tunakaa Kent, mji ulio kusini mwa Seattle, jimbo la Washington, pembeni kabisa mwa Bahari ya Pasifiki. Jumanne ya tarehe 19 Novemba 2024, jioni, uliingia upepo ambao hata wenyeji waliozaliwa hapa wanausimulia mpaka leo. Baharini, upande wa magharibi wa kisiwa cha Vancouver huko Kanada, kulikuwa na kimbunga ambacho kiini chake kilishuka mgandamizo wa hewa kwa kasi kubwa mno ndani ya siku moja. Kikawa kinavuta hewa kutoka ng'ambo ya milima ya Cascade, na hewa hiyo ikapenya kwenye mapengo ya milima na kuteremka kwetu kwa nguvu zote. Kule Enumclaw, chini ya milima, upepo ulizidi kilomita 100 kwa saa.

Kilichotuumiza zaidi ni miti. Huku nyumba zimejengwa katikati ya miti mirefu kupita minara ya simu, Douglas fir na jamii yake, na Novemba ardhi inakuwa imelowa chepechepe kwa mvua. Upepo mkali wa huku kwa kawaida hutoka kusini. Huu ulitoka mashariki, upande ambao miti haijauzoea. Ikaanza kung'oka na mizizi yake, ikiangukia waya, nguzo, magari na mapaa. Wateja wa umeme zaidi ya 600,000 walikuwa gizani kwa wakati mmoja magharibi mwa jimbo. Mwanamke mmoja alifariki Lynnwood, mti ulipoangukia kambi ya watu wasio na makazi, na mwingine Bellevue, mti ulipoangukia nyumba yake. Kwa hiyo mkisikia "upepo tu", msidhani ni ule wa kupeperusha nguo kwenye kamba.

Mimi usiku ule nilikuwa kazini. Mnajua nafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, nyumba ya kawaida ya familia yenye vyumba vya wazee wachache, na bosi wetu ni mama wa Kikenya kutoka Kisii. Taa ziliyumba, zikarudi, zikayumba tena, kisha giza. Papo hapo mashine ya oksijeni ya mzee mmoja ikaanza kulia mlio wa hatari. Mashine ile inavuta hewa ya chumbani na kuichuja ili apate oksijeni ya kutosha, na bila umeme haina kazi. Tuna mitungi ya akiba. Nikashika tochi kwa meno, nikafungua mtungi, nikahamisha mrija, nikamwekea kidoleni kifaa cha kupimia oksijeni nikiangalia namba zikipanda. Alikuwa amenishika mkono wa gauni la kazi na hakuniachia mpaka pumzi ilipotulia.

Halafu kuna jambo ambalo mtu wa nje halifikirii. Mama mmoja pale hawezi kujigeuza, na analalia godoro la hewa linalojazwa kwa mota ili asipate vidonda vya mgongo. Umeme ukienda, godoro linaanza kunywea taratibu, na mgonjwa anashuka mpaka anakaribia kugusa chuma cha kitanda. Kitanda chenyewe ni cha umeme, kikawa kimekwama kichwa kimeinuka. Tukampangia mito na mablanketi chini ya mwili, tukawa tunamgeuza kila baada ya saa mbili gizani, mimi na dada mwingine, huku upepo unapiga paa kama mtu anatupa mawe. Bosi alikuja usiku huohuo akikwepa matawi barabarani, akaweka jenereta nje kabisa uani, mbali na madirisha, akapitisha waya mrefu kwa ajili ya mashine ya oksijeni na friji ya insulini. Taa hatukuwasha. Kila tone la petroli lilikuwa na kazi yake, na hatukujua vituo vya mafuta vingefunguka lini, maana pampu zao nazo zinataka umeme.

Asubuhi nilipotoka, taa za barabarani zilikuwa zimezimika. Sheria ya huku ni kwamba taa zikizimika kila gari linasimama kabisa kwenye makutano, kisha mnapishana kwa zamu. Watu walipishana kwa utulivu.

Nyumbani sasa. Huko kwetu umeme ukikatika, maisha yanachechemea lakini yanaendelea. Jiko la mkaa au mtungi wa gesi upo, ndoo ya maji ipo, Mangi mwenye duka anauza mshumaa mpaka saa nne usiku, na watu wanatoka barazani kupiga soga. Huku kwenye fleti yetu kila kitu kimefungwa kwenye waya mmoja. Jiko la kupikia ni la umeme. Hita za ukutani ni za umeme. Maji ya moto ni ya umeme. Geti la maegesho linafunguliwa na mota. Intaneti ilikufa palepale, na mtandao wa simu ukafuata baadaye, kwa sababu minara ina betri za akiba na betri nazo zinaisha. Ndiyo maana mlinitafuta mkanikosa. Sikuwa nimewapuuza.

Na baridi. Novemba huku jua linazama kwenye saa kumi na nusu jioni na kuchomoza baada ya saa moja asubuhi, nanyi mkumbuke kwamba usiku wa namna hiyo ndani ya nyumba isiyo na hita ubaridi unaingia mpaka kwenye mifupa. Siku ya kwanza nyumba bado ina joto lake. Ya pili unaona mvuke wa pumzi yako sebuleni. Tulihamia wote chumba kimoja, tukafunga milango mingine, tukatundika mablanketi madirishani, watoto wakalala na kofia na soksi mbili mbili. Mchana tuliwapeleka maktaba ya mtaa wa pili, ambako umeme ulikuwepo. Watu walikuwa wamekaa sakafuni kando ya kila soketi wakichaji simu, wazee kwa vijana, na wafanyakazi wa maktaba hawakumfukuza mtu.

Sasa nakuja kwenye swali lako, wifi. Kwa nini hatukuwasha jiko la mkaa ndani?

Kwa sababu lingetuua tukiwa usingizini. Mkaa unapoungua unatoa gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia kwenye damu inakalia nafasi ya oksijeni na kung'ang'ania pale, na mwili unakosa pumzi huku wewe unapumua. Unaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Mtu anadhani ni mafua au uchovu, anajilaza kidogo, na hainuki. Huko kwetu jiko mara nyingi liko nje au kwenye chumba cha kupikia chenye uwazi juu ya ukuta, hewa inapita. Nyumba za huku zimezibwa kila upenyo ili joto lisitoke, na gesi nayo haitoki. Na hata kwetu tunalijua hili: sehemu za baridi kama Njombe, watu wameshakutwa wamekufa chumbani na jiko likiwa kando ya kitanda.

Wakongwe wa hapa wanakumbuka dhoruba ya Desemba 2006. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 upepo uliangusha waya, na zaidi ya wateja milioni moja wakakosa umeme, wengine kwa siku nyingi. Katika kaunti yetu ya King watu wanane walikufa kwa gesi hiyo, na mamia walipelekwa hospitali. Wengi wa walioingiza mkaa ndani walikuwa wahamiaji, Wasomali na Wavietinamu na wengineo, watu kama sisi, wazazi waliokuwa wanataka tu watoto wao wapate joto. Gazeti la The Seattle Times lilichapisha onyo ukurasa wa mbele kwa lugha kadhaa, Kisomali ikiwemo. Kila nikifikiria familia zile roho inaniuma, kwa sababu hakuna aliyekuwa mzembe. Walifanya walichofundishwa na mama zao.

Usiku wa pili wa dhoruba yetu, jirani yetu Mkongo wa ghorofa ya chini, mwenye mtoto mchanga, alikuwa anapandisha ngazi na jiko dogo la kuchomea nyama na mfuko wa mkaa. Mume wangu alimsimamisha palepale. Waliongea Kiswahili, cha Bukavu na cha Moshi. Yule baba hakubishana. Aliweka jiko nje kwenye nyasi, akachemsha maji humo, tukagawana kwenye chupa za chai, na usiku familia yake ilikuja kulala kwetu. Watu wengi kwenye chumba kimoja ni joto tosha. Kabla ya hapo hatukuwa hata tunajuana majina, na hilo nalo ni sehemu ya maisha ya huku ambayo watu hawawaambii.

Kuhusu hela. Mume wangu yuko kwenye ghala kule bondeni, ghala lilifungwa, na saa ambayo hukufanya kazi hulipwi. Chakula cha kwenye friji kilitupwa: friji iliyofungwa vizuri inahifadhi chakula kwa muda wa saa nne hivi tu, na friza iliyojaa karibu siku mbili, ukiwa huifungui fungui. Nyama na samaki wa mwezi mzima walikwenda pipani. Kodi ya nyumba inadaiwa tarehe mosi, dhoruba au si dhoruba. Ndiyo maana hela ya mama ilichelewa, na mnisamehe kama mlidhani nimebadilika. Mtu wa huku anaweza kuwa na gari na friji kubwa na bado akatetereka kwa wiki moja ya bila mshahara. Wengi wetu tuko hivyo, na tunaona aibu kusema.

Mdogo wangu, wewe unayekuja, shika haya. Tafuta tochi ya kuvaa kichwani, betri za akiba, benki ya kuchajia simu, kopo la maharage na kifungulio cha mkono, maana vya umeme havitakusaidia. Ukipanga chumba, angalia kama kengele ya kaboni monoksidi ipo ukutani na betri yake ni nzima. Sheria ya jimbo hili inamtaka mwenye nyumba aiweke, na ukiikuta haipo, dai. Ikilia, toka nje na kila mtu, kisha piga 911. Usitafute kwanza inatoka wapi. Jiko la mkaa, jiko la gesi la kambini, jenereta, vyote ni vya nje, hata kwenye gereji hapana, hata mlango ukiwa wazi. Gari usilinguruzishe gerejini ili upate joto. Waya ulioanguka usiusogelee, hata kama unaonekana umekufa. Ukihitaji mahali pa kuota moto au chakula, namba ni 211, na unaweza kuomba mkalimani. Na ukikutana na familia inayopata msaada wa serikali wa chakula, waambie kwamba chakula kilichoharibika kwa umeme kukatika kinaweza kufidiwa kama wakitoa taarifa ndani ya siku 10. Wengi hawajui, na muda unapita.

Umeme wetu ulirudi usiku, tukiwa tumelala wale wa juu na wale wa chini pamoja. Mafundi walikuwa wamekuja mpaka kutoka nje ya jimbo, wakifanya kazi juu ya nguzo kwenye mvua. Mama, hela ya Desemba nimeituma pamoja na iliyobaki ya Novemba. Wifi, mablanketi uliyotaka kunitumia kwa mdogo wangu yasimjaze begi, yapo hapa. Mpe unga wa muhogo na dagaa. Friza sasa ni tupu.