Mwache afunge vifungo mwenyewe

Mwanangu mkubwa ana miaka 7, yuko darasa la pili. Mdogo wake ana 4. Hadi mwaka jana, asubuhi kwetu ilikuwa vita: niwaogeshe wote wawili, niwavalishe, niwafunge viatu, niwanyweshe na uji, maana gari la shule halisubiri mtu.

Siku moja mdogo aling'ang'ania shati lake. "Mama niache, nafunga mwenyewe." Nikamwangalia. Kidole gumba kinasukuma kifungo, kifungo kinateleza, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. Alipomaliza, upande mmoja wa shati ulikuwa juu, mwingine chini. Mkono wangu ulishafika kumrekebisha, nikaurudisha. Akaenda shule vile vile, kifua mbele.

Ndipo nilipoelewa kwamba kazi kubwa ni yangu, kuizuia mikono yangu. Na mtoto hajifunzi kwa kuharakishwa, kwa hiyo mzazi mwenzangu, anza na muda. Siku hizi tunaamka saa 11:30 alfajiri badala ya saa 12, na sare zinatandazwa kitini tangu usiku. Mpe kazi moja tu, aizoee kabisa, ndipo umwongezee nyingine.

Mkubwa nilimwanzishia dukani. Kwa Mangi ni nyumba ya tatu kutoka kwetu, hakuna barabara ya kuvuka. Nilimpa noti ya shilingi 2,000 akanunue chumvi na kiberiti, nami nikasimama getini hadi aliporudi. Chenji ilipungua 200. Zamani ningevaa kanga nikaenda kudai mwenyewe. Safari hii tulikaa mkekani tukahesabu pamoja, mara mbili, kisha nikamwambia arudi akamweleze Mangi kwa adabu. Alisita sana. Akaenda. Akarudi mbio, sarafu kaibana kwenye ngumi: "Mama, Mangi kasema samahani, alikosea!" Tangu hapo kiberiti kikiisha ananiambia yeye.

Barabara ya lami bado sijamruhusu, bodaboda hazina simile. Jiko la mkaa nalo bado, na hapo sibembelezwi.

Ila hakuna aliyeniambia kwamba inauma. Juzi nilimfuata bafuni na sabuni kama kawaida, akarudishia mlango taratibu. "Mama, naoga." Nikabaki nje na taulo begani, nasikiliza kopo likigonga ndoo.