Ekzosi mpya haitakupa mdundo usiokuwepo kwenye krenki

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini pikipiki ya rafiki yako yenye silinda mbili inakusisimua kuliko yako ya silinda nne, ingawa yako ina nguvu zaidi. Pili, ukifunga ekzosi ya wazi, je, yako italia kama ile? Naanza na la pili kwa sababu linagusa mfuko wako: haitalia kama ile. Utapata mlio uleule ulio nao sasa, ila mkubwa zaidi. Ekzosi inaweza kuufanya mlio uwe mzito, mkali, mpole au wa kukera, lakini mdundo wenyewe hupangwa ndani ya injini, kwenye krenki, yaani ule mhimili unaozungushwa na pistoni, kabla moshi haujafika kwenye bomba.

Nilianza na silinda moja, cc 350, na nadhani kila anayependa milio angeanzia hapo. Injini ya mipigo minne hulipua mafuta mara moja kila krenki ikizunguka mara mbili, yaani kila nyuzi 720. Ikiwa imesimama inanguruma kwa mizunguko 1,200 kwa dakika, hiyo ni milipuko 10 tu kwa sekunde. Sikio linakaribia kuihesabu: du, du, du, du. Unaisikia kazi ikifanyika, pigo baada ya pigo, na kwenye mlima unasikia kila pigo likizidi kuwa zito kabla hujashusha gia. Ile pikipiki ilinifundisha kubadilisha gia kwa sikio, na mpaka leo siangalii saa ya mizunguko.

Baadaye nikapata ya silinda nne kwenye mstari mmoja, mpangilio ambao Honda CB750 ya 1969 iliusambaza duniani. Hapo injini inalipua kila nyuzi 180, sawasawa, bila pengo. Kwa mizunguko 6,000 ni milipuko 200 kwa sekunde, na sikio haliwezi tena kutenganisha pigo na pigo. Linasikia noti moja, kama mtu anayepuliza filimbi ndefu. Ukifika 12,000 noti imepanda hadi milipuko 400 kwa sekunde na inakuwa kilio kabisa. Niliipenda sana ikiwa juu. Chini ya hapo, kwenye mwendo wa kawaida, ilikuwa kama feni. Nadhani hapo ndipo ulipo wewe: muda mwingi unaendesha kwenye mizunguko ambayo silinda nne bado haijaanza kuimba.

Sasa njoo kwa rafiki yako. Silinda mbili mara nyingi zina mapengo yasiyolingana, na utamu upo kwenye mapengo hayo. Harley-Davidson wanaziweka silinda zao kwa pembe ya nyuzi 45, na pistoni zote mbili zinashika sehemu moja ya krenki, kwa hiyo mlipuko wa pili unakuja baada ya nyuzi 315, kisha unasubiri 405. Ni kama mtu anayeshuka ngazi huku mguu mmoja ukichelewa kidogo kila mara. Mwaka 1994 kampuni hiyo iliomba kabisa mlio huo usajiliwe kuwa alama yake ya biashara, washindani wakapinga, na mwaka 2000 ikaliondoa ombi. Ducati wa pembe ya nyuzi 90 wana 270 na 450, pengo pana zaidi, na ndiyo maana mlio wao unaruka zaidi.

Hapa kuna jambo ambalo lilinishangaza nilipolielewa. Silinda mbili zilizosimama sambamba, ukizipa krenki ya nyuzi 270 (sehemu mbili zinaposhika pistoni zimepishana kwa nyuzi hizo), zinalipua kwa mapengo yaleyale ya Ducati, 270 na 450. Yamaha walifanya hivyo kwenye TRX850 katikati ya miaka ya 1990, na leo MT-07 inatumia mpangilio huohuo. Niliimiliki moja ya aina hiyo kwa miaka 6 na sikuwahi kuigusa ekzosi yake. Zile Triumph za zamani zilikuwa na krenki ya 360, mapengo sawa, mlio laini unaotiririka. Umbo la nje ni lilelile, silinda mbili kando kwa kando, lakini ukifumba macho ni pikipiki mbili tofauti.

Hata silinda nne zinaweza kupewa mapengo. Yamaha R1 ya 2009 ilipewa krenki inayolipua kwa 270, 180, 90, 180. Ukiisikia mara ya kwanza utaapa kwamba ina silinda mbili kubwa. Kama unataka nguvu yako ubaki nayo na mdundo wa rafiki yako uupate, ukoo huo ndio wa kutafuta, si bomba jipya.

Silinda tatu nitazitaja kwa ufupi kwa kuwa sijawahi kumiliki, nimeazima tu. Zinalipua kila nyuzi 240, na zina ukali wa katikati, kama mluzi wenye kifua. Nilirudisha funguo kwa shingo upande.

Za mipigo miwili ni habari nyingine. Zinalipua kila mzunguko mmoja, na ekzosi yake yenye tumbo nene ni sehemu ya injini hasa: mawimbi ya shinikizo yanarudi na kuusukuma mchanganyiko mpya wa hewa na mafuta urudi ndani ya silinda kabla tundu la moshi halijafungwa. Walter Kaaden, mhandisi wa kampuni ya pikipiki ya MZ, Ujerumani Mashariki, ndiye aliyeiendeleza sana kazi hiyo katika miaka ya 1950. Kwenye mizunguko ya chini inakoroma na kukosakosa, kisha mawimbi yakikubaliana na mwendo, ghafla sauti inasafika na pikipiki inaondoka. Hakuna mlio mwingine unaokuambia wazi hivyo kwamba nguvu imefika.

Kuhusu ekzosi ya wazi, nilifanya kosa hilo kwenye ile cc 350. Nilitoa kijibomba cha ndani kinachopunguza sauti, nikaacha jeti za kabureta, vile vitundu vinavyopima mafuta, kama zilivyo. Moshi ukatoka kwa urahisi zaidi, mchanganyiko ukapungua mafuta, plagi ikawa nyeupe, na nikiachia resi inapasuka pa, pa, pa. Kuvuta kwa chini kulipotea. Wiki ya pili nilikuwa na maumivu ya kichwa kila jioni. Ongezeko la desibeli 10 sikio hulihisi kama mara mbili, na sikio lililoharibika halirudi. Nilikirudisha kile kijibomba, na mdundo ukasikika vizuri zaidi kuliko ulipokuwa unapiga kelele.

Tena, wewe dereva ekzosi iko nyuma yako. Unachosikia zaidi ni hewa inavyovutwa chini ya tangi. Yamaha wamelichukulia hili kwa uzito: MT-10 ya 2022 ina vijidirisha juu ya tangi vinavyoelekeza sauti ya kuvuta hewa kwa dereva. Na kwenye mwendo mkubwa upepo kwenye helmeti unafunika karibu kila kitu. Vaa vizibo vya masikio. Vinakata ule ukali wa upepo, na mvumo mzito wa injini unabaki ukiusikia mpaka kwenye mbavu.

Mwombe rafiki yako mbadilishane kwa saa moja. Yake iendeshe kati ya mizunguko 3,000 na 5,000, na yako ipandishe huko juu ambako hujawahi kuipeleka, mahali panaporuhusu. Kisha rudi utuambie umesikia nini.