Madoa ya oili kwenye modeli ya Dakota

Ndugu wa Jinja, unasema madoa kwenye modeli yako ya ndege ya Dakota, ya kipimo cha 1/72, yanafanana na lami. Kosa ni kutumia nyeusi tupu. Oili ikisukumwa na upepo huwa ya hudhurungi, nyepesi kama chai isiyo na maziwa. Weusi hubaki kwenye maungio ya mabati.

Pulizia kwanza varnishi ya akriliki inayong'aa, subiri saa 24. Changanya rangi ya mafuta ya wachoraji: hudhurungi iliyokolea sehemu tatu, nyeusi moja. Iache juu ya kipande cha boksi kwa saa moja ili mafuta yanyonywe, la sivyo haikauki upesi, hasa msimu wa mvua. Weka nukta kwa kijiti cha meno nyuma ya kifuniko cha injini, kisha zivute kuelekea mkiani kwa brashi bapa yenye unyevu kidogo tu wa tapentaini. Brashi ikilowa, nukta zote zinafutika. Karibu na gurudumu vuta kuelekea chini: hapo oili hudondoka ndege ikiwa imeegeshwa.

Baada ya siku tatu pulizia varnishi isiyong'aa, halafu rudishia mng'ao kwenye madoa unayotaka yaonekane mabichi pekee.

Thina ya magari usiiguse, inayeyusha plastiki. Na tapentaini, dirisha wazi, mbali na sigiri.