Nianze na vifaa gani katika kazi ya kusafisha mazulia?

SWALI: Ndugu Mhariri, nataka kuanza kazi ya kusafisha mazulia majumbani, lakini mtaji wangu ni mdogo. Ninunue nini kwanza?

JIBU: Ndugu msomaji, anza na mashine nzuri ya kufyonza vumbi, kwa sababu sehemu kubwa ya uchafu wa zulia ni mchanga na vumbi kavu, ambavyo vikilowa kabla ya kuondolewa hugeuka tope na kuzama kwenye nyuzi. Baada ya hapo tafuta mashine inayonyunyiza maji ya moto yenye sabuni na kuyafyonza papo hapo. Hii unaweza kuikodi mpaka wateja watakapoongezeka, na sioni aibu yoyote katika hilo. Ongeza brashi laini, vitambaa vyeupe na feni ya kukaushia.

Jambo ninalokusihi ulizingatie zaidi ni kulitambua zulia kabla ya kuligusa. Dawa ya klorini huyeyusha sufi (manyoya ya kondoo), na sabuni kali zenye alkali huidhoofisha; na ili kujua kama rangi ya zulia itachuja, lowesha kitambaa cheupe kwa dawa unayokusudia kutumia, kikandamize kwenye kona iliyofichika kwa dakika chache, na kikitoka na rangi, usiendelee.

Usimwage maji mengi. Pitisha mashine mara kadhaa bila kunyunyiza, ili zulia likauke ndani ya saa 24, kwani unyevu ukikaa huleta ukungu na harufu. Madoa ya zamani yaonyeshe kwa mwenye nyumba kabla hujaanza, wala usimwahidi kwamba yote yatatoka.