Mama alibatizwa na nesi. Abatizwe tena?

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Mwaka jana mama yangu aliugua sana akalazwa. Alikuwa ameanza mafundisho ya ubatizo kanisani kwetu (sisi ni Walutheri) ila alikuwa hajayamaliza. Usiku mmoja hali ikabadilika, akaomba abatizwe. Mchungaji wetu hakupatikana kwa simu. Nesi wa zamu, ambaye ni Mkristo, akamuuliza kama anamwamini Yesu Kristo. Mama akajibu, "Naamini." Nesi akachukua kikombe cha maji, akammiminia kichwani mara tatu huku akisema, "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Mimi ndiye niliyeshika beseni. Mungu si Athumani, mama akapona. Sasa wazee wawili wa kanisa wanasema ule haukuwa ubatizo: aliyebatiza si mchungaji, maji yalikuwa kidogo, na cheti hana. Mama naye ameingiwa na mashaka, anasema labda aliomba kwa kuogopa kufa tu. Abatizwe upya?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mama yako amebatizwa, na asirudie.

Nianze na huyo nesi. Katika hatari ya kufa, Mkristo yeyote anaweza kubatiza. Huo ndio utaratibu wetu Walutheri, na Waanglikana na Wakatoliki wanao pia. Wakatoliki wanakwenda mbali zaidi: hata asiyebatizwa anaweza kuifanya kazi hiyo, mradi akusudie kile ambacho Kanisa hukusudia linapobatiza. Mbatizaji ni mkono tu. Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba aliwabatiza Krispo na Gayo, kisha anakumbuka watu wa nyumbani mwa Stefana, halafu anasema hajui kama alimbatiza mwingine. Mtume mzima, amesahau! Kama uzima wa ubatizo ungetegemea mbatizaji, asingelichukulia jambo hilo kwa wepesi hivyo.

Maji kidogo? Hapa wazee wenu wamenichekesha. Watoto tunawabatiza kwa maji ya kiganja, sasa kikombe kizima kimekuwaje haba? Hoja hiyo ingetoka kwa ndugu zetu wa maji mengi, Wabaptisti na Wapentekoste, ningeielewa. Wao husoma Warumi 6, kwamba tulizikwa pamoja na Kristo kwa njia ya ubatizo, na kusema maiti haizikwi kwa kurushiwa udongo kidogo. Nawaheshimu kwa hilo. Lakini Didake, mwongozo wa Wakristo wa kale sana, unaelekeza kubatiza kwa maji yanayotiririka, na yakikosekana, maji mengine. Na yote mawili yakikosekana, mtu amiminiwe maji kichwani mara tatu kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Nesi wenu amefanya hivyo hasa, hata kama hajawahi kuisikia Didake.

Tena swali lenu ni la zamani. Katika karne ya 3, Mkristo aitwaye Magnus alimwandikia Cyprian, askofu wa Carthage, akiuliza kama waliomiminiwa maji wakiwa kitandani ni Wakristo halali. Cyprian akajibu kwamba ni halali: palipo na dharura, neema ya Mungu haipungui kwa sababu maji yamepungua.

Sasa mama, maana yeye ndiye aliyenigusa. Mwambie hivi: kuogopa kufa si dhambi wala hakubatilishi kitu. Konstantino, mfalme wa Roma, alibatizwa mwaka 337 akiwa karibu kufa, na Kanisa halikumhesabu kuwa hakubatizwa. Na ubatizo wenyewe ni habari ya kifo: kufa na Kristo, kufufuka naye. Wengi wetu tulipelekwa kubatizwa tumelala fofofo katika kitambaa cheupe, hatujui hata neno kufa. Mama yako alikitazama kifo usoni, akaulizwa kama anaamini, akaitikia. Mashaka anayoyapata leo ayapeleke kwenye sala. Kisimani asiyarudishe, kwa sababu kubatiza upya ni kama kusema Mungu hakumaanisha alichokitamka mara ya kwanza.

Kilichobaki ni kukamilisha. Novatian, aliyekuja kuwa padri wa Roma katika karne ya 3, naye alibatizwa kitandani akiumwa, akapona, na lawama aliyotupiwa baadaye ni kwamba hakwenda kwa askofu kupokea yaliyosalia. Kwa hiyo mama amalizie mafundisho. Wewe na nesi mwendeni kwa mchungaji, mueleze tarehe, mahali, maneno yaliyotamkwa na waliokuwapo. Ataandika katika daftari la ubatizo, na cheti kitatoka humo. Siku ya ibada atamtambulisha mbele ya usharika na kumwombea, bila maji.

Wazee wakiendelea kubisha, wasibishane na mama. Wamwone mchungaji.